Panya wa njano na ile robo iliyopotea

Nimepotea kidogo, mazoezi ya kufundisha yamenibana. Juzi niliandika ubaoni kwamba wazazi wawili wenye jeni mchanganyiko huzaa kwa uwiano wa 3 kwa 1, siku zote. Binti mmoja wa kidato cha nne akanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, na wanaofia tumboni tunawahesabu wapi?" Nikamjibu hilo halitoki kwenye mtihani. Aibu! Swali lake lina zaidi ya miaka 100.

Basi bwana, Mfaransa Lucien Cuénot alikuwa akifuga panya kule Nancy. Mwaka 1905 akaeleza jambo la ajabu: kila panya wa njano aliyempima alikuwa na jeni moja tu ya njano. Mwenye mbili hakumpata hata mmoja. Akadhani mbegu ya njano haiwezi kurutubisha yai la njano. Kuhesabu alihesabu vizuri, maelezo ndiyo yalikwenda kombo.

Mwaka 1910 William Castle na mwanafunzi wake Clarence Little, wa Harvard, Marekani, wakahesabu zaidi ya watoto 1,000 wa wazazi wa njano. Ikatoka 2 kwa 1. Hapo tulieni kidogo: kama mbegu zingekataana tu, yai la njano lingesubiri mbegu nyingine na uwiano ungebaki 3 kwa 1. Kwa hiyo ile robo ilitungwa, kisha ikafa.

Baadaye majike wenye mimba walipopasuliwa, viinitete vilivyokufa vilionekana. Mimba ya panya ni kama siku 20, hawa hawamalizi hata wiki. Kiinitete kinafika hatua ya kitufe chenye uwazi ndani, halafu tabaka la nje, ambalo lingejichimbia kwenye ukuta wa mji wa mimba, linashindwa kazi.

Na njano yenyewe haiui! Miaka ya 1990 iligundulika kwamba kipande cha DNA kimekatika na kuondoka na sehemu ya jeni jirani. Mwenye nakala moja nzima anaishi, ila njano na mnene ajabu.

Kesho nina kipindi darasa lile lile. Nimechora panya 12 kwenye manila: 6 wa njano, 3 wa kijivu, na 3 nimewapiga mkasi kwa kalamu nyekundu. Kilichobaki ni kumwomba yule binti msamaha mbele ya wenzake, na hapo ndipo tumbo linaniuma.