Moyo wa ng'ombe juu ya makala: wapishi weusi wa Lima

Bandugu wahitimu, tukisikia brosheti, wengi wetu tunawazaka mbuzi. Kule Lima, mji mkuu wa Peru, brosheti yenye heshima ni ya moyo wa ng'ombe. Wanaiita anticucho. Jina ni la Kikechua, lugha ya Wainka. Ng'ombe waliletwa na Wahispania katika karne ya 16. Lakini mikono iliyoipika na kuiuza barabarani ilikuwa ya weusi. Na hapo historia hii inatuhusu sisi.

Katika karne ya 17, karibu nusu ya wakaaji wa Lima walikuwa na asili ya Afrika, wengi wao watumwa. Kwenye karatasi za kuwauza, wengine waliandikwa tu "Congo" ao "Angola". Nyama laini ilienda kwa bwana. Moyo na matumbo vilibaki kwao.

Watu wanapendaka kusema: walikula takataka. Mimi neno hilo silikubali. Gramu 100 za moyo zina karibu gramu 17 za protini, mafuta kidogo, tena chuma na vitamini B12 kupita nyama ya paja, vitu ambavyo mwili unahitaji ili kutengeneza damu. Bwana ndiye hakujua alichokataa!

Na kuupika ni kazi. Moyo iko nguvu. Ukiutupa tu motoni unakuwa kama mpira. Wanatoa mishipa, wanakata vipande vyembamba, wanaviloweka usiku kucha ndani ya siki, kitunguu saumu na pilipili nyekundu isiyo kali, ají panca. Siki inalainisha nyama. Kisha kijiti, makala, moto mukali, dakika chache basi.

Utumwa ulifutwa Peru mwaka 1854 tu. Mbele ya hapo, wanawake watumwa wengi walitumwa mujini kuuza chakula na kumuletea bwana pesa ya kila siku. Iliyozidi waliweka. Kuko wenye walinunua uhuru wao kwa akiba ya namna hiyo, franga kwa franga, kama tungesema kwetu.

Kila Oktoba, Lima inabeba barabarani picha ya Señor de los Milagros, nakala ya ile iliyochorwa ukutani mwaka 1651 na mutumwa wa kutoka Angola. Siku hizo moshi wa anticucho unajaa mujini, na matajiri nao wanapanga mustari mbele ya makala.