Methali Ndani ya Kamusi

Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake ya Kiswahili na Kiingereza ikachapwa London mwaka 1882, yeye akiwa ameshafariki. Mmisionari mwingine wa Mombasa, William Taylor, alitoa kitabu kizima cha methali za Waswahili mwaka 1891. Kamusi sanifu ya mwaka 1939, inayobeba jina la Frederick Johnson, nayo ilitumia methali kuonyesha maneno yanavyosemwa. Wapo wanaoziona methali hizo kuwa pambo tu. Kwangu mimi ni ushahidi, kwa sababu visawe vya lugha ya kigeni hutaja kitu tu. Methali humwonyesha msomaji kitu hicho kikiwa mahali pake, pamoja na watu wanaokitumia.

Chukua *mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani*. Kisawe cha *tezi* peke yake kinaweza kumpoteza mgeni, maana neno hilo pia ni jina la kiungo na la uvimbe wa shingoni. Methali humpandisha chomboni: tezi iko nyuma, omo liko mbele, na ngama ni chini kabisa, maji yanakokusanyika na kuchotwa. Baharia atembee atakavyo, mwisho atashuka huko. Kwa maneno saba msomaji amepata umbo la chombo, kazi ya mabaharia, na fikra ya watu wa pwani kwamba mtu hurudi kwenye asili yake. Au neno *janga*. Kamusi ikisema ni balaa, imesema kweli, lakini nusu. *Mchuma janga hula na wa kwao* huongeza nusu iliyobaki: anayechuma ni mmoja, wanaokula ni jamaa wote. Hapo ndipo mgeni anapojua kwa nini kosa la kijana mmoja huwakalisha wazee kikao.

Itasemwa kwamba methali ni lugha ya zamani, imefupishwa mno, na anayejifunza hawezi kuiga sarufi yake. Ni kweli, na ndiyo sababu haifai kuachwa bila maelezo. Lakini ukale huohuo ndio uliolihifadhi neno *omo* midomoni mwa watu ambao hawajapanda jahazi. Hoja nzito zaidi ni ya tafsiri. Mara nyingi watunzi hutafuta methali ya Kizungu inayofanana, wakaishia hapo. Waingereza husema haraka huzaa hasara. Mswahili husema *haraka haraka haina baraka*. Hasara huhesabiwa, ilhali baraka hutoka kwa Mungu, na anayepewa ya kwanza badala ya ya pili amenyimwa imani ya wasemaji. Tena wakusanyaji wa awali wengi walikuwa wamisionari wenye shabaha zao. Hilo latutaka tuzipime tafsiri zao, si kuzitupa methali, kwani hazikuwa mali yao: Taylor mwenyewe, katika kukusanya mashairi ya Muyaka, malenga wa Mombasa, alimtegemea Mwalimu Sikujua wa mji huohuo.

Basi wahariri wa kamusi za lugha mbili, mnapotafuta kurasa za kupunguza, msianzie kwenye methali. Iwekeni kama isemwavyo, ifasirini neno kwa neno, kisha mweleze huambiwa nani na wakati gani.