Panya, Kamba na Mikono ya Ami

Ami yangu alikuwa mshoni wa kofia. Watu wa mtaani petu wakimjua kwa wepesi wa mkono wake, na bwana harusi aliyekosa kofia yake alijiona kama hakupambwa. Alipotimia umri wa miaka thelathini na kitu, alianza kusikia watu wakimsema nyuma ya ukuta usiokuwa na mtu. Alifanyiwa yote ya kufanyiwa: kisomo, kombe na mafusho. Mwishowe alipelekwa hospitali, akachomwa sindano ya haloperidoli. Sauti zikanyamaza. Lakini mikono nayo ikanyamaza. Vidole vilikakamaa, mate yakamtoka, mwendo ukawa wa kuburura miguu, na sindano ya kofia ikawa haishikiki. Bibi yetu akasema, "Wamemfungua kamba moja, wamemfunga ya pili."

Miaka mingi baadaye, nikitafsiri maandishi ya dawa ili nipate riziki, nilikutana na tarehe ya dawa ile. Nilistaajabu kuona kwamba maneno ya bibi yalikuwa yamekwisha kuandikwa na wataalamu, tena si kwa kumtazama binadamu, bali panya.

Kisa kinaanzia Ufaransa. Mwezi wa Disemba 1950, mkemia Paul Charpentier wa kiwanda cha Rhône-Poulenc aliunda dawa iliyokuja kuitwa klorpromazini. Mtafiti mwenzake, Simone Courvoisier, akaijaribu kwa panya waliokuwa wamefundishwa somo chungu: kengele ikilia, umeme utafuata, basi panya aliposikia kengele aliparamia kamba ili ajinusuru. Walipopewa dawa, kengele ililia nao wakatulia. Hawakuwa viziwi, wala hawakupooza, kwani umeme wenyewe ulipowagusa waliipanda kamba kama kawaida. Kilichoondoka ni ile khofu inayotangulia jambo lenyewe. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, madaktari Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa dawa hiyo wagonjwa wa akili, na wodi zilizojaa makelele zikaanza kutulia.

Njia ya pili ilipitia kwenye dawa iliyo kinyume chake. Amfetamini iliundwa Ujerumani mwaka 1887 na Lazăr Edeleanu. Katika Vita vya Pili vya Dunia askari waligawiwa ili wasilale. Mwaka 1958, Philip Connell alichapisha mjini London kitabu kilichoonyesha kwamba mtu aliyeitumia kwa wingi huweza kushikwa na shaka ya kuandamwa na kusikia sauti, hata daktari akashindwa kumtofautisha na mwenye maradhi ya skizofrenia. Mwaka huohuo, katika mji wa Beerse nchini Ubelgiji, maabara ya daktari Paul Janssen iliunda haloperidoli. Inasimuliwa kwamba Janssen alikuwa amesikia habari za waendesha baiskeli wa mashindano waliomeza amfetamini wakapatwa na shaka kama hiyo. Akafikiri hivi: dawa itakayomtuliza mnyama aliyepagawa kwa amfetamini huenda ikamtuliza na mgonjwa. Fikira hiyo ilizaa matunda.

Walioitazama hali ya mnyama huyo kwa makini zaidi ni Axel Randrup na Ib Munkvad wa Denmark. Panya aliyedungwa amfetamini nyingi huanza kwa kukimbiakimbia. Kisha hubaki mahali pamoja akinusa, akilamba na kuguguna vyuma vya kizimba, tena na tena, hali, wala wenziwe hawamshughulishi. Sisi wa tungo tunajua raha ya kurudia neno. Lakini kurudia kwake ni kibwagizo kisichokuwa na shairi. Mwaka 1965 wataalamu hao walieleza kwamba dawa za wagonjwa wa akili zilikatiza kuguguna huko, na baadhi ya nyendo za kawaida zikarejea.

Siri ya haya ni dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo hupelekeana habari kwayo. Amfetamini huimwaga kwa wingi. Haloperidoli huziba milango inayoipokea. Arvid Carlsson wa Uswidi, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2000, ndiye aliyefungua njia ya elimu hii.

Jambo hili haliko mbali na mabaraza yetu. Mwaka 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa ilitenga kutoka katika majani ya miraa kiini kinachoitwa kathinoni. Panya waliopewa kiini hicho walifanya yaleyale ya amfetamini: wakakimbia, wakanusa, wakarudiarudia. Mlaji wa kawaida wa miraa si panya wa maabara, kwani kutafuna hupeleka kiini polepole, na wengi hutoka barazani na akili zao timamu. Lakini ambaye akili yake imekwisha kuyumba, jani hilo humwongezea mawimbi.

Sasa narudi kwa ami. Panya akipewa haloperidoli nyingi, ukamwekea miguu ya mbele juu ya kijiti, hubaki vivyo hivyo kama sanamu. Kwa miaka mingi kuganda huko kulihesabiwa kuwa alama ya dawa iliyo nzuri: isiyomgandisha panya ilidhaniwa haitamponya mtu. Klozapini, iliyoundwa Uswisi mwishoni mwa miaka ya 1950, haikumgandisha panya, ndiyo maana wengi waliitilia shaka. Mwaka 1975 ilihusishwa na vifo nchini Finland kwa sababu ya kuangamiza chembe nyeupe za damu, ikawekwa kando. Ikarudi baada ya utafiti wa mwaka 1988 kuonyesha kwamba huwasaidia wagonjwa walioshindikana kwa dawa nyingine, kwa sharti la kupimwa damu mara kwa mara. Na Septemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya skizofrenia isiyoziba milango ya dopamini kabisa.

Kumbe basi kukakamaa kwa mikono ya ami hakukuwa uchawi wala ukaidi. Kulijulikana na kupimwa kwa saa kabla yeye hajachomwa sindano ya kwanza. Kipimo cha dawa kingeweza kupunguzwa. Na vidonge vya kulegeza ukakamavu vilikuwapo tangu zamani. Hakuna aliyetuambia, nasi hatukuuliza, kwa kuwa hatukujua kwamba kuna la kuulizwa. Tulimwachisha dawa kwa huruma. Mikono ikalainika, akashona kofia nusu, kisha sauti zikarudi kwa kishindo na hazikumwacha tena hadi tulipomzika.

Simlaumu panya, wala dawa: haloperidoli imewarudishia wengi usingizi na jamaa zao. Nasikitikia ujuzi uliovuka bahari ndani ya chupa, maelezo yake yakabaki ng'ambo. Msomaji, ukiwa na ndugu aliyeganda kwa dawa, usiitupe dawa hiyo. Rudi kwa tabibu, umwonyeshe mikono yake, na useme: hii ilikuwa ikishona. Ile kofia nusu ninayo mpaka leo.