Mlinzi Anayelala Usiku

Nani amlipe mlinzi alinde duka mchana, kisha usiku amwambie akalale? Mafundi wa programu za kompyuta wamefanya hivyo kwa miaka mingi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mwingereza Tony Hoare, akiwa kampuni ya Elliott Brothers, aliongoza kazi ya kutengeneza kitafsiri cha lugha ya Algol 60. Kabla ya kusoma orodha, programu ilihakikisha kwanza kwamba nafasi inayotakiwa imo ndani ya orodha hiyo. Miaka ikapita, wateja wakaulizwa: tuuzime ukaguzi huu ili kazi iende haraka? Wote walikataa, walijua makosa hayo hutokea mara ngapi. Hoare alisimulia kisa hicho mwaka 1980, alipopokea Tuzo ya Turing.

Lugha ya C++ ilifuata njia nyingine. Katika maktaba zake, yaani sehemu zilizokwisha andikwa ili kila fundi azitumie, ukaguzi mwingi ulikuwa wa hiari: ukiwashwa wakati wa majaribio, ukizimwa programu ikienda kwa watu. Kisingizio kilikuwa kasi.

Mwaka 2024 kampuni ya Google ilieleza kuwa imeuwasha katika programu zinazofanya kazi. Kasi ilipungua kwa wastani wa asilimia 0.30 tu, makosa zaidi ya 1,000 yakanaswa.

Mlango ulioachwa wazi huingiza wadukuzi, na anayeibiwa si fundi, ni mtumiaji. Wateja wale wa Hoare walijua mapema hatari ya makosa hayo.