Lishe na Uzito wa Mwili Mkoani Singida
Uzito wa mwili hutegemea kwa kiasi kikubwa uwiano kati ya nishati inayopatikana kwenye chakula na ile inayotumiwa na mwili, ambayo hupimwa kwa kilokalori. Katika Mkoa wa Singida, ulioko nyanda kame za kati za Tanzania na wenye msimu mmoja tu wa mvua, mlo wa asili wa Wanyaturu na Wanyiramba ni ugali wa mtama au uwele unaoliwa kwa mlenda, mboga ambayo majani yake huanikwa, hutwangwa na kuwekwa akiba ya kiangazi. Nafaka hizo zisipokobolewa hubaki na pumba zenye nyuzinyuzi, ambazo humshibisha mlaji kwa muda mrefu kuliko sembe, yaani unga wa mahindi yaliyokobolewa. Linalosahaulika mara nyingi ni mafuta ya alizeti, zao ambalo mkoa huo unasifika nalo: ni bora kwa moyo kuliko mafuta yanayoganda, lakini gramu moja ya mafuta yoyote ina kilokalori 9, ilhali ya wanga au protini ina 4 tu, hivyo kila kijiko cha chakula kinachoongezwa kikaangoni huleta takriban kilokalori 120. Hali ya uzito wa mtu mzima hukadiriwa kwa kugawanya kilo zake kwa kipeo cha pili cha urefu wake wa mita: chini ya 18.5 ni uzito pungufu, kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni kiribatumbo.