Vifaa vya kale vyaokoa nyumba za Lamu

Nyumba za mawe za Mji wa Kale wa Lamu, ulioorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka wa 2001, hukarabatiwa vyema kwa vifaa vya zile zilizoporomoka. Upana wa vyumba hufuata urefu wa boriti za mikoko. Boriti kuukuu ikikatwa ncha iliyooza haivuki tena chumba, lakini yatosha kubeba dari ya daka, yaani kibaraza cha mlangoni. Mlango wa nakshi hufumuliwa, na ubao ulioliwa na mchwa huchongwa upya na maseremala wa mjini humo. Adui ni saruji, ingawa wengi huipenda. Kuta za matumbawe hunyonya unyevu. Chokaa huuacha utoke, ilhali saruji huufungia ndani hadi chumvi ikala jiwe, lipu ikabanduka.