Mlio wa Sikio Usiokoma

Hapa Siongiroi, Kaunti ya Bomet, usiku hakuna mawimbi wala honi za tuktuk. Kimya hicho ndicho kinachonitesa, maana ndipo mlio wa sikio langu la kushoto unapopanda, kama birika inayokaribia kuchemka.

Mlio huu ni dalili. Huweza kuletwa na kelele za mashine, nta iliyoziba sikio, kwinini, aspirini nyingi au sindano za jentamaisini. Usikivu ukipanda na kushuka, pamoja na kizunguzungu na sikio kujaa, huenda ni maradhi ya Ménière, yaliyoitwa kwa jina la Prosper Ménière, daktari Mfaransa aliyeyaeleza mwaka 1861.

Mimi nimepunguza chumvi. Nikilala huacha redio ikinong'ona. Alfajiri huamshwa na simu inayotetemeka chini ya mto, kwani siku nyingine adhana yake siisikii. Jirani alikuwa akinisalimu "Chamgei" nisimjibu, akadhani nina kiburi. Nilipomweleza, sasa hunigusa bega kwanza, na barazani huniachia nafasi ili sikio zima limwelekee yeye. Kuficha ndiko kulikonitenga na watu.

Ndugu msomaji, sikio likiziba ghafla usingoje, wala usitie mafuta ya moto. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kuna dawa zinazofaa zaidi zikianzwa mapema. Na ukifanya kazi penye mashine za kelele, vaa vizibo. Usikivu ni amana.